UZI MAALUMU: Makauboi wa runinga enzi zile – Gunsmoke, Bonanza, Rawhide, The Rifleman

#1 Mzee wa Tandiko

Wakuu, salaam.

Picha za kauboi zikitajwa humu jukwaani, mazungumzo yote yanaelekea kwa Django na kwa Clint Eastwood na sigara yake mdomoni. Ni sawa, hata mimi nimekulia kwenye mabanda ya video na hizo kanda nazijua. Ila kuna makauboi ambao wengi wetu hatukuwapata nyumbani, wale wa tamthilia za runinga za Marekani kuanzia miaka ya 1950 mpaka katikati ya miaka ya 1970. Hao ndio nawapenda kuliko wote. Nilikutana nao nikiwa mtu mzima, nilipokuja huku na kupata kazi ya kutunza wazee. Mchana kutwa runinga ya sebuleni ilikuwa ikirudia vipindi hivyo, na wazee walikuwa wakinisimulia walivyoviangalia utotoni, watoto chini kwenye zulia, baba kwenye kiti chake ambacho hakuna wa kukigusa.

Kwa wasiojua, ulikuwa wakati wa kauboi kwelikweli. Msimu wa 1958 hadi 1959, vipindi vinne vilivyoongoza kwa watazamaji Marekani nzima vyote vilikuwa vya kauboi: Gunsmoke, Wagon Train, Have Gun – Will Travel na The Rifleman. Kwenye kumi bora, saba vilikuwa vya farasi na bastola.

Sasa kwa nini nawapenda. Kwenye sinema, steringi anaingia mjini hajulikani katoka wapi, anawamaliza maadui, anapanda farasi na kutokomea. Nani atawazika wale maiti, nani atamsaidia mjane aliyechomewa nyumba, hayo hayamhusu tena. Steringi wa runinga hana pa kutokomea. Wiki ijayo, siku ileile na saa ileile, atakuwa palepale. Mwenye duka waliyegombana leo ndiye atakayemuuzia kahawa kesho. Akimpiga mtu risasi, ndugu za marehemu atapishana nao barabarani kila asubuhi. Kwa hiyo hata kama kipindi kinaanza kwa bastola, habari yenyewe ni kuishi na watu: majirani, walevi, wadaiwa, wagonjwa, wageni wasiotakiwa.

Chukueni Gunsmoke. Ilianzia redioni mwaka 1952, sauti ya Marshal (yaani askari mkuu wa sheria) Matt Dillon ikiwa ya William Conrad, halafu ikaingia kwenye runinga ya CBS tarehe 10 Septemba 1955. Usiku ule John Wayne mwenyewe ndiye aliyetokea mwanzo kuitambulisha. Sikilizeni sasa sehemu ya kwanza ilivyo. Anaingia Dodge City, mji wa Matt huko Kansas, mtu anayeitwa Dan Grat, mwepesi wa kuchomoa bastola kuliko Matt. Wanakabiliana, na Matt ndiye anayekula risasi na kwenda chini. Sehemu ya kwanza kabisa! Sisi tuliozoea kusema steringi hafi, tazama mtu anavyoanza maisha yake kwenye runinga: kalala kitandani anauguzwa. Na pale kitandani ndipo anapofikiri. Anagundua kwamba Grat kila mara anasogea karibu kabla ya kuchomoa, maana ni mwepesi lakini kwa mbali hana shabaha. Wanapokutana mara ya pili, Matt hamruhusu asogee. Basi. Hakuna miujiza.

Na kila risasi inayopigwa Dodge, yupo mtu wa kuitoa mwilini, naye ni Doc Adams. Huyu aliigizwa na Milburn Stone, mzaliwa wa Kansas hasa. Yupo Miss Kitty (Amanda Blake) wa baa ya Long Branch, anayewajua wanaume wote wa mji kuliko wake zao wanavyowajua. Yupo Chester mwenye mguu usiokunjika, na alipoondoka akashika nafasi Festus na nyumbu wake. Doc na Festus ni watani kwelikweli, hawawezi kukaa meza moja bila kutupiana maneno, na siku mmoja akiumia ndipo unaona mwingine anavyohangaika. Matt na Kitty wanapendana miaka yote ile na hawaoani. Kazi yake ni ya kufa wakati wowote, na wote wawili wanajua. Mara nyingi hawalisemi, wanakunywa bia yao na kutazama mlangoni.

James Arness, aliyeigiza Matt kwenye runinga, alikuwa na urefu wa mita 2, na mguu wake ulijeruhiwa vibaya vitani Anzio, Italia, mwaka 1944. Ukimwangalia vizuri anavyotembea utauona ule mguu. Yeye na Stone walikaa misimu yote 20, sehemu 635. Mwaka 1967 CBS ilikuwa imeshaamua kukikata kipindi, mkuu wa kampuni, William Paley, akakirudisha kwa amri yake. Sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 31 Machi 1975, bila kuagana na mtu yeyote. Miaka 20 mjini, halafu kimya. Hilo bado linaniuma.

Bonanza naileta baadaye, inahitaji nafasi yake. Wenye kumbukumbu mshushe.

#2 Fundi Redio

Mkuu umenigusa kwenye redio. Gunsmoke ya redioni iliendelea mpaka 1961, yaani kwa miaka kadhaa ilikuwa inasikika na kuonekana kwa wakati mmoja, waigizaji tofauti kabisa. Nimezisikiliza nyingi. Unasikia njuga za viatu vya mpanda farasi kwenye ubao, unasikia mbwa kwa mbali, unasikia mtu anamimina kinywaji kabla hajajibu swali. Conrad alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyechoka. Hakupewa nafasi kwenye runinga kwa sababu ya mwili wake mnene, na mimi nasema hasara hiyo ilikuwa ya watazamaji.

Halafu muziki. Mtu akiniamsha usiku wa manane akanipigia sekunde tatu za wimbo wa Rawhide, nitautaja. Muziki ni wa Dimitri Tiomkin, anayeimba ni Frankie Laine, na mjeledi unalia katikati ya wimbo. Bonanza nayo lile gitaa linakimbia kama farasi, ramani inashika moto katikati, na kwenye tundu la moto wanatokea wanaume wanne wanakuja mbio. Watayarishaji wa siku hizi wanatupa jina la tamthilia sekunde tano, ndio imetoka. Wale walijua kuita watu kutoka jikoni.

#3 Mzee wa Tandiko

Fundi, hapo kwenye kuita watu kutoka jikoni umesema kweli.

Haya, Bonanza. NBC, kuanzia tarehe 12 Septemba 1959 hadi Januari 1973. Ilipigwa kwa rangi tangu siku ya kwanza, wakati nyumba nyingi bado zina runinga za nyeusi na nyeupe. Sababu ni biashara: NBC ilikuwa mali ya RCA, na RCA ilikuwa ikiuza runinga za rangi. Ukiona lile Ziwa Tahoe la buluu na misonobari ya Ponderosa, yaani shamba la familia ya kipindi hicho, elewa kwamba jirani alikuwa anaalikwa aje aone, arudi kwake akiwa na hamu ya kununua. Mwanzo watazamaji hawakuwa wengi. Mwaka 1961 ikahamishiwa Jumapili usiku, na kati ya 1964 na 1967 ikawa namba moja misimu mitatu mfululizo.

Lakini mimi kilichonishika ni ile familia. Mzee Ben Cartwright ameoa mara tatu, wake wote watatu wamefariki, na kila mmoja amemwachia mtoto wa kiume. Adam, Hoss, Little Joe. Baba mmoja, mama watatu. Wakuu, sisi tunajua nyumba za namna hiyo zinavyopasuka mzee akishika uzee, wa mama huyu wakienda huku na wa mama yule kule, shamba likagawanywa kwa mapanga. Pale Ponderosa vijana wanatwangana ngumi mpaka vumbi linatimka, jioni wanakula meza moja, na hakuna hata siku moja anayemwambia mwenzake wewe si wa mama yangu. Na akitajwa vibaya mama wa yeyote kati yao, wanasimama wote watatu. Nilipokuwa nikiangalia hiyo, nilikuwa nikiwakumbuka ndugu zangu.

Lorne Greene, aliyeigiza baba, alikuwa Mkanada, mtangazaji wa redio ya CBC aliyesoma taarifa za vita hadi wakambandika jina la Sauti ya Maangamizi. Alimzidi Pernell Roberts (Adam) miaka 13 tu, na huwezi kujua. Akisema "mwanangu", unaamini.

Hoss ndiye roho ya kipindi. Dan Blocker alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuigiza, pande la mtu, na uso wake ulikuwa unaonyesha aibu na huruma bila neno. Alifariki tarehe 13 Mei 1972 akiwa na miaka 43. Michael Landon, Little Joe mwenyewe, aliandika na kuongoza sehemu ya kufungua msimu uliofuata, inaitwa "Forever". Ndani yake Joe anaoa, halafu mkewe anauawa. Hadithi hiyo ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya Hoss. Mwangalieni Landon mle ndani, analia machozi ya mtu aliyefiwa na ndugu. Miezi minne baadaye kipindi kikakatwa. Kilikuwa kimeshakwisha chenyewe.

#4 Mchunga wa Longido

Mimi ni mtu wa mifugo, kazi na asili, kwa hiyo nitaisemea Rawhide (CBS, 1959 hadi 1965). Hii ndiyo inayoonyesha kazi yenyewe. Kauboi ni mchunga ng'ombe, wakuu, lakini kwenye picha nyingi ng'ombe humwoni! Rawhide wanaswaga kundi kutoka San Antonio, Texas, kwenda Sedalia, Missouri, na safari yenyewe ndiyo hadithi. Mto umejaa, wavuke au wangoje? Majani yameisha. Mwenye shamba anadai malipo ya kupitisha. Radi inapiga usiku, kundi linakurupuka, na asubuhi wanahesabu waliokanyagwa.

Historia yake ni ya kweli. Baada ya vita vya wao kwa wao kwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa imejaa ng'ombe wa pembe ndefu, bei yake kama dola 4 kwa kichwa, na miji ya kaskazini huko ng'ombe huyohuyo alifika dola 40. Ndipo wakaanza kuswaga. Kundi la ng'ombe 2,500 au 3,000, wachunga kumi na kitu, mwendo wa kilomita 16 hadi 24 kwa siku, wakienda polepole ili mnyama afike na nyama yake. Usiku wachunga wa zamu walizunguka kundi wakiimba ili ng'ombe watulie. Hili mzungu hakufundishi kitu ukiwa umetoka boma la Kimaasai, ng'ombe anaimbiwa tangu enzi.

Na kuna adui mmoja asiye na bastola: kupe. Ng'ombe wa Texas walikuwa wameshaizoea homa yao, wao wenyewe walionekana wazima, lakini kila walikopita ng'ombe wa wenyeji walikufa, mkojo umekuwa mwekundu kwa damu. Wakulima wa Kansas na Missouri waliwasimamia barabarani na bunduki, na sehemu zile za Rawhide ambazo wenye mashamba wanawazuia kina Gil Favor, mkuu wa msafara, mimi nilikuwa upande wa wenye mashamba. Mwaka 1885 Kansas ikaweka karantini kwa jimbo zima, na ndio ukawa mwisho wa Dodge City kama mji wa mnada. Kwamba ni kupe wanaoeneza homa hiyo, watafiti Theobald Smith na Kilborne walikuja kuithibitisha mwaka 1893. Majosho yakafuata. Kila nikiogesha ng'ombe nakumbuka kwamba mji wa Matt Dillon uliuawa na kupe, si na jambazi yeyote.

Clint Eastwood tunayemjua sote alitoka humo, akiitwa Rowdy Yates, kijana wa pili kwa madaraka. Mwaka 1964, Rawhide ikiwa mapumzikoni, ndipo alipokwenda Hispania kupiga picha na mwongozaji Sergio Leone. Waliomjua kwenye poncho tu hawajui kwamba aliwahi kuwa kijana mwenye hasira za haraka anayekemewa na mkubwa wake mbele ya wenzake. Mimi namhitaji yule.

#5 Binti Mkunazini

Shikamooni wakubwa. Uzi mtamu, nami nazipenda, ila nitasema yaliyo moyoni.

Ninyi mnazungumzia kuishi na watu. Na wenye nchi je? Wahindi Wekundu, kama tulivyozoea kuwaita vibaya, kwenye vipindi hivi ni mishale tu inayotoka nyuma ya majabali. Na wakipewa nafasi ya kuongea, mara nyingi aliyepewa ni mzungu aliyepakwa rangi. Ndio maana mimi kumbukumbu yangu ya kwanza na ya kudumu ni The Lone Ranger (ABC, 1949 hadi 1957), kwa ajili ya mtu mmoja: Jay Silverheels, aliyeigiza Tonto, mwenzake huyo Lone Ranger. Huyo alikuwa Mmohawk wa damu, mzaliwa wa Six Nations huko Ontario, Kanada, mchezaji hodari wa lakrosi kabla ya filamu. Walimwandikia Kiingereza cha kukatakata, maneno ya mtoto mdogo. Yeye akayatamka kwa heshima zote, mgongo umenyooka, na ukitazama bila sauti unaona ni nani mwenye busara kati ya wale wawili. Baadaye akasaidia kuanzisha mafunzo ya uigizaji Los Angeles kwa ajili ya wenyeji wenzake, ili wapate nafasi zao wenyewe. Mwaka 1979 akapewa nyota yake Hollywood.

Na weusi. Wanahistoria wanakadiria kwamba karibu mmoja kati ya kila makauboi wanne alikuwa mtu mweusi, wengi wametoka utumwani juzi tu. Bass Reeves alizaliwa mtumwa mwaka 1838, akaja kuwa naibu marshal kuanzia 1875, akawakamata watu zaidi ya elfu tatu, hajui kusoma, anakariri hati za kukamatia. Mtu kama huyo hakupewa tamthilia yake miaka ile yote. Rawhide ilipomwingiza Raymond St. Jacques kama mchunga wa kudumu, ilikuwa 1965, na muda si mrefu ikakatwa.

Sisemi msiwapende. Mimi mwenyewe naangalia. Nasema tukikumbuka, tuwakumbuke na hao.

#6 Mzee wa Tandiko

Marahaba binti. Umesema, na uzi umekuwa bora kwa hilo. Hoja yangu ya kuishi na watu inapimwa hapohapo: watu gani wamehesabiwa kuwa majirani. Mji wa Dodge ulikuwa na mipaka yake, na mipaka hiyo waliichora waandishi wa miaka ya 1950 wakiwa na Marekani yao ya ubaguzi dirishani.

Nitaongeza mawili upande wako. Mwaka 1962 mwimbaji mweusi Sammy Davis Jr. alitokea kwenye The Rifleman kama mtu wa bastola. Alikuwa mwepesi kweli wa kuchomoa, hata nje ya kamera. Ya pili, Bonanza ya Machi 1969, sehemu iitwayo "The Wish", Landon tena ndiye mwandishi na mwongozaji. Ossie Davis anaigiza mkulima mweusi mwenye familia, na Hoss anajitia kuwasaidia. Uzuri wake ni kwamba wema wa Hoss hautoshi. Yule baba anamwonyesha kwamba kusaidiwa na mtu asiyejua uzito ulioubeba nako kunachosha. Kwa runinga ya Jumapili usiku mwaka 1969, hiyo ilikuwa hatua.

#7 Baba Mwanajuma, Mombasa

Hamjambo nyote. Kwetu utotoni kauboi alikuja na gari la sinema, likatundika kitambaa uwanjani, nasi tukakaa mchangani mpaka usingizi. Hizi za runinga nimezijulia mtandaoni ukubwani, na The Rifleman ndiyo naangalia na kijana wangu.

Watu mno wasema habari ya ile bunduki ya Winchester ya steringi, iliyogeuzwa ikapiga mfululizo. Hiyo ni mbwembwe ya mwanzo wa kipindi. Ndani ni habari ya Lucas McCain, mjane mwanamume, anayemlea mwanawe Mark peke yake kwenye shamba dogo huko New Mexico. Kila sehemu ni ya dakika 30 hivi, na lazima mna wakati baba na mwana wakaa chini waongee. Si hotuba. Mark auliza swali ambalo laumiza, mathalani kwa nini mtu mbaya alikuwa mwema kwangu, na Lucas anyamaza kwanza. Chuck Connors, aliyeigiza Lucas, alikuwa jitu, amecheza mpira wa kikapu na Boston Celtics na besiboli ya ligi kuu pia, lakini akiinama kumfunika yule mtoto blanketi, ule mkono ni mwepesi. Johnny Crawford, ndiye Mark, alikuwa na miaka 12 walipoanza mwaka 1958, wakamaliza 1963 ashakuwa kijana. Wakuza mtoto mbele ya macho yako.

Hata Brezhnev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, alikuwa akimpenda Connors. Walikutana California mwaka 1973, na Brezhnev akamkumbatia mbele ya watu, Vita Baridi au si Vita Baridi.

#8 Nyota Njema

Wakuu nimesoma yote, natamani kuanza. Nianzie wapi mtu asiyejua kitu, na muda wangu ni saa moja tu usiku?

#9 Mzee wa Tandiko

Nyota, anza na Gunsmoke za 1955 hadi 1961. Ni za nyeusi na nyeupe, nusu saa kila moja, kwa hiyo saa yako inatosha mbili. Nyingi aliandika John Meston, na huyo bwana hakuogopa kumaliza hadithi vibaya. Unaweza kukuta Matt amechelewa, mtu ameshakufa, na Doc anafunga mkoba wake bila kusema kitu. Kuanzia msimu wa 1961 zikawa za saa nzima, na rangi ikaja 1966. Hizo ziache kwanza mpaka uwajue wale watu.

Bonanza usianze mwanzo, misimu miwili ya kwanza mzee Ben ni mkali kupita kiasi, kila mgeni anafukuzwa Ponderosa kwa bunduki. Ila ndizo rahisi kuzipata, maana sehemu zaidi ya 30 za misimu hiyo hazina hakimiliki tena na zimejaa mtandaoni bure. Ingia kwenye msimu wa tatu au wa nne. "Forever" iweke mwisho kabisa, baada ya kumpenda Hoss.

Rawhide muulize Mchunga, anazijua kwa mito waliyovuka. Na mwenye hamu ya Have Gun – Will Travel aseme, maana Richard Boone na suti yake nyeusi sijamgusa hata kidogo, nitamletea post yake kesho nikitoka zamu.